Kuunga na Kuziba Nyufa za Sanamu za Plastiki



Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori la Noeli kule Greccio, Italia, akaweka majani makavu, ng'ombe na punda. Tangu hapo Wakristo wamechonga sanamu za hori kwa mti, udongo na plasta. Siku hizi ipo hata mashine ya kuchapa sanamu kwa plastiki. Mashine hiyo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kama mama afinyangaye chungu kwa kamba za udongo.

Lakini meza ya mashine ni ndogo. Sanamu kubwa hutoka vipande vipande: kichwa mbali, kiwiliwili mbali. Kuviunga ni kazi ya mikono yako, nayo yataka saburi.

Kwanza, usikimbilie gundi. Vikutanishe vipande vikiwa vikavu, uone kama vinakaa sawa. Penye kinundu, kwangua kwa kisu au tupa. Kisha kwaruza nyuso zitakazokutana kwa msasa namba 120, maana gundi haishiki vizuri mahali palipo laini. Futa vumbi lote.

Pili, changanya gundi ya mirija miwili, kama Araldite, upake pande zote mbili na kuzifunga kwa uzi au mpira. Iache mpaka kesho yake. Shingo na mkono huvunjika upesi. Basi toboa tundu dogo kila upande, utie kipande cha waya mnene ndani pamoja na gundi.

Tatu, ziba ufa kwa puti ya magari, ile ya mafundi wa kupuliza rangi. Changanya kidogo tu, maana hukauka kwa dakika chache. Paka tabaka nyembamba, ikauke, ndipo uongeze nyingine. Ukijaza nene mara moja, hupata joto na kuharibu plastiki.

Nne, piga msasa wa maji, namba 220, kisha 400. Maji huzuia vumbi na joto. Fanya kazi nje, ufunge kitambaa puani, na watoto wakae mbali na gundi na puti.

Mwisho, paka rangi ya kwanza ya kijivu. Hiyo itakuonyesha kila ufa uliobaki. Ukiuona, rudi kwenye puti. Usijidanganye kwamba rangi nzuri itauficha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno moja zaidi kwa baba na mama. Plastiki nyingi ya namna hii, iitwayo PLA, hutokana na mahindi au miwa, nayo hulainika kwa joto la digrii 60 hivi. Tena huwaka moto. Kwa hiyo usiiache juani, wala usiwashe mshumaa karibu na hori lenye majani makavu. Heri hori lisilo na mshumaa, na nyumba nzima ilale salama usiku wa Noeli.