Kauri haishiki kutu, lakini je, itadumu ndani ya kinu cha nyuklia?

Katika ukanda wa Bugarama na Rumonge, kusini-magharibi mwa Burundi, pipa la bati la kuhifadhia mawese huliwa na kutu, ilhali chungu cha udongo hakijui kutu. Kasoro ya chungu ni moja: kikianguka, hupasuka.

Tofauti hiyo ndiyo inayowashughulisha wahandisi wa nyuklia, na sasa suala hilo limesogea karibu na Ziwa Tanganyika. Septemba 2023, Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda ilitia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid ya kujenga kinu cha majaribio kinachopozwa kwa risasi iliyoyeyushwa.

Kwa nini metali zina mashaka?

Risasi ya moto humumunya polepole baadhi ya madini yaliyomo katika chuma cha pua, hasa nikeli. Katika vinu vinavyopozwa kwa maji, ambavyo ndivyo vingi duniani, fueli hufunikwa kwa aloi ya zirkoni. Aloi hiyo huhimili maji vyema katika hali ya kawaida. Hata hivyo, joto likizidi nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, huungana na mvuke kwa kasi na kuzalisha joto zaidi pamoja na hidrojeni. Hidrojeni ya namna hiyo ndiyo iliyolipua majengo ya vinu vya Fukushima, Japani, Machi 2011.

Kauri yenye nyuzi

Mbadala unaochunguzwa ni silikoni kabidi. Nyuzi zake nyembamba hufumwa mithili ya mkeka, kisha nafasi kati yake hujazwa silikoni kabidi hiyo hiyo. Ufa ukianza, nyuzi huuzuia kuenea, hivyo kifaa hakivunjiki ghafla kama chungu. Katika mvuke mkali, juu yake hutanda ngozi nyembamba ya silika, na uharibifu huenda polepole mno kuliko wa zirkoni.

Kauri nayo huliwa

Hata hivyo, katika maji ya moto yenye shinikizo kubwa, silika hiyo huyeyuka na kuchukuliwa na maji, na ukuta wa kauri hupungua kidogo kidogo. Oksijeni iliyomo majini huongeza kasi hiyo. Ndiyo maana watafiti hujaribu kuipaka kauri tabaka la kromi. Isitoshe, nyufa ndogo mno zaweza kupitisha gesi zenye mionzi.

Maji ya Ziwa Kivu hushuka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika, ziwa wanalolitegemea watu wa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia kwa maji na samaki. Kwa hiyo, swali la wakazi kwa wasimamizi wa usalama lisiishie kwenye jina la nyenzo, iwe kauri au chuma. Waulize: imejaribiwa katika kipozeo hicho hicho, kwa joto hilo hilo, chini ya mionzi, na kwa muda gani?