Rally ya Kibandani na ya Naivasha

Ukiingia kibanda cha gemu Machakos mjini, foleni yote ni ya mpira. Mimi niko kona na rally, na watu wananishangaa. Acha nikwambie utamu wake, msee.

WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na barabara za Kenya ndani. Mwaka huo Safari Rally yenyewe ilifutwa kwa sababu ya corona. Kwa hivyo vumbi la Naivasha wengine wetu tulilila kwanza kwenye skrini, kabla ya magari ya dunia kurudi Juni 2021, baada ya miaka 19.

Mwanzoni nilikanyaga mafuta tu kama dereva wa Probox anayekimbilia abiria Kyumbi. Gurudumu linapasuka, naanza upya. Ukichapwa hivyo mara ishirini, unaanza kumsikiliza mwelekezi, unaachilia mguu kabla ya jiwe.

Ndiyo maana siku ya mwisho 2021, suspensheni ya Thierry Neuville ilipovunjika akiwa anaongoza, nilishika kichwa. Jirani akauliza, “Si aanze tena?” Waa! Huko hakuna kitufe hicho. Ogier akashinda, Katsuta wa pili.

Siku hizi pesa ya kibanda naweka kando. Nauli hadi Nairobi, halafu Naivasha, si mchezo kwa mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo. Lakini nitaenda. Nawe ukienda, usisimame upande wa nje wa kona. Watazamaji wa gemu hawaumii.