Je, Wajua? Mtoto wa Maji ya Vuguvugu

Je, wajua kuwa wakunga wengi wamejifunza kazi kwa kumwokoa mtoto aliyejazwa maji? Ni mwanasesere, anaitwa NeoNatalie. Akiwa mtupu unamkunja unamtia begini, lakini mjaze maji ya vuguvugu uone: kilo 2 hivi, na shingo inalegea mkononi kama ya kichanga hasa! Mwalimu akiminya vipira vyake, kitovu kinadunda, kifua kinapanda, mtoto analia. Asipominya, kimya. Haya mwanafunzi, fanya kazi!

Unadhani anapewa muda gani? Dakika 1! Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama bado hapumui, mpe hewa kwa mfuko na barakoa. Kati ya watoto 10 wanaozaliwa, 1 hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua, na wengi wao kukaushwa na kusuguliwa tu kunawatosha.

Na mama je? Mama ni mwalimu mwenyewe, hata akiwa mwanamume! Anajifunga tumbo la bandia liitwalo MamaNatalie, anaguna, anasukuma, anamlilia nesi, huku mikono yake iliyojificha ikimtoa mtoto na kufungulia damu ya bandia. Umechelewa kukanda mfuko wa uzazi? Damu inazidi kumwagika mbele ya macho yako. Ukande vizuri, na mwalimu ataukaza uwe mgumu na damu ikatike. Yote haya bila umeme hata kidogo!

Wajua nani alianzisha kampuni inayowatengeneza? Mtengeneza midoli! Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norway, aliwahi kumwokoa mwanawe wa miaka 2 asife maji. Mwaka 1960 akatoa mwanasesere wa kufundishia kupuliza pumzi, Anne, mwenye sura ya binti wa Paris ambaye hadi leo jina lake halijulikani.

Lakini Lærdal alikuja nyuma sana, ndugu yangu. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimtuma mkunga Angélique du Coudray akawafundishe wanawake wa vijijini, naye akazunguka na nyonga ya kitambaa na ngozi, pamoja na kichanga cha kushonwa. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma, basi mikono yao ndiyo ikasoma. Nyonga moja bado ipo, katika makumbusho ya Rouen. Ilipopigwa eksirei, ndani ikakutwa mifupa ya mtu!

Sogea sasa, maana hili ndilo linalonisisimua kuliko yote. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, wakunga walifundishwa siku nzima kumsaidia mtoto asiyepumua. Miezi 7 baadaye walikuwa bado hodari mbele ya mwanasesere, lakini wodini utendaji ulikuwa uleule wa kabla ya mafunzo! Basi ukaja utaratibu mpya: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Dakika 3 hadi 5, msomaji wangu! Hata chai haijapoa.

Umeshtuka? Ngoja. Mazoezi mafupi ya namna hiyo, pamoja na vifaa vipya vya wodini, yakapelekwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa karibu robo tatu. Robo tatu!

Na kama tumbo la bandia hakuna? Kuna suruali! Inaitwa PartoPants, suruali ya kawaida ya chumba cha upasuaji iliyopasuliwa na kushonwa upya ili mwanasesere apite. Inavaliwa na mtu mzima mwenye sauti, jasho na kelele zake, na imeshafundishia wakunga Mexico mpaka Kenya. Fundi cherehani wa mtaani kwako anaiweza.