Homa ya Bonde la Ufa Yavuka Bahari

Mvua kubwa inyeshapo katika nchi kavu mfugaji hufurahi, maana majani yataota na mifugo itanona. Lakini iko mvua iletayo msiba. Kondoo na mbuzi wenye mimba huzitupa karibu wote kwa pamoja, wana-kondoo hufa kwa wingi, na baada ya siku chache wachungaji wenyewe hulala kwa homa na maumivu ya viungo. Hiyo ndiyo Homa ya Bonde la Ufa. Wengi hupona; wachache hutokwa damu wakafa, na wengine hupungukiwa na nuru ya macho.

Jina hilo latoka Kenya. Mwaka 1930 kondoo wengi walikufa katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 wataalamu wa mifugo wakathibitisha kwamba chanzo ni virusi. Hata wataalamu hao hawakusalimika. Walishikwa na homa ile ile waliyokuwa wakiichunguza.

Je, virusi hivyo hujificha wapi wakati wa ukame? Hujificha katika mayai ya mbu. Mbu wa jamii fulani hutaga katika udongo wa mabonde yatuamishayo maji, na mayai hayo yaweza kukaa katika udongo mkavu miaka kadhaa pasipo kufa. Mafuriko yakija, mbu huanguliwa kwa wingi, na baadhi yao huzaliwa na virusi tayari. Ndiyo sababu mwisho wa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoifurikisha nchi ya Garissa na Somalia, ugonjwa ulizuka kwa ghafula.

Watu wengi hudhani kwamba jangwa na bahari ni kinga ya kutosha. Sivyo. Mbu harukii mbali, lakini mnyama husafirishwa. Mwaka 1977 ugonjwa ulionekana Misri kwa mara ya kwanza, ukaua watu wapatao 600. Mwezi wa Septemba 2000 ukazuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika, na virusi vya huko vilikuwa karibu sawa na vile vya Afrika Mashariki. Nchi za Uarabuni zikaikataa mifugo ya Pembe ya Afrika, na hasara ikamwangukia hata mfugaji wa Kisomali ambaye mbuzi wake hawakuugua.

Haijapata kujulikana mtu kumwambukiza mwenziwe. Mbali na kuumwa na mbu, hatari imo katika damu na mimba iliyotupwa, hasa wakati wa kuchinja na kuchuna. Nyama iliyoiva na maziwa yaliyochemshwa hayadhuru. Udhurikao ni mkono wenye mkwaruzo ulioshika damu. Basi mtu asimchinje mnyama mgonjwa kwa kuhofu nyama isipotee.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini hutolewa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano moja ipitayo mnyama baada ya mnyama yaweza kuueneza. Aonaye mimba zikitupwa kwa wingi na ampashe habari Afisa wa Mifugo siku hiyo hiyo, wala asiwapeleke sokoni wanyama waliosalia.