Tupime Udongo Kabla ya Kupima Viwanja

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakafuata njia za maji mpaka katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walifariki. Uvumi ulienea upesi kwamba volkano imelipuka. Wajiolojia wa Serikali walipofika walibainisha kwamba hapakuwa na mlipuko wowote: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kubwa, ikashindwa kuhimili, ikameguka.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini yalikuja baada ya maziko. Hilo ndilo linalotusononesha. Hanang ni mlima uliotokana na volkano ya zamani, na makorongo yake yanaonyesha dhahiri wapi maji hupita yanapozidi. Elimu ya kuyasoma hayo ipo nchini. Idara ya Jiolojia iliundwa tangu mwaka 1925, na taasisi iliyorithi kazi yake ina makao yake Dodoma. Aghalabu, hata hivyo, tunamkumbuka mjiolojia pale tunapotafuta madini, au pale maafa yanapokwisha kutufika.

Hatuwalaumu wananchi waliojenga bondeni. Mnyonge hujenga pale alipopata. Lawama ni yetu sisi tuliopewa dhamana. Tumewahi kukaa katika vikao vya kugawa viwanja ambamo tulijadili upana wa barabara, mahali pa soko na ada ya kulipwa, wala hakuna aliyeuliza chini ya viwanja hivyo kuna nini. Nasi hatukuuliza.

Wala hatuwezi kusingizia ukosefu wa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa uwezo wa kutangaza ardhi kuwa ya hatari, na miongoni mwa ardhi hizo imetaja iliyo ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na miteremko mikali. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Lazima awepo mtu wa kwenda kuonyesha mteremko huu ni imara na ule si imara.

Kadhalika, hatari ya ardhi si maporomoko peke yake. Kandokando ya Mlima Meru, miamba ya volkano hutia floridi nyingi katika maji ya chini ya ardhi, na watoto wanaoyanywa meno yao hugeuka rangi ya kahawia. Floridi ikizidi mno hudhuru hata mifupa. Kupanga makazi mapya mahali kama hapo bila kupima maji ya kisima ni kuwapangia watoto maradhi.

Kwa hiyo tunasema: kila halmashauri, kabla ya kumpeleka mpima ardhi, imwite kwanza mjiolojia. Ramani ya hatari ibandikwe katika ofisi ya kijiji na ya mtaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ili mwananchi aione kabla hajatoa fedha yake. Mahali pasipofaa nyumba pawe msitu au malisho. Na wazee waulizwe, kwa kuwa wao hukumbuka mto ulipita wapi zamani.

Watakuwapo wa kusema gharama ni kubwa. Tunawajibu kwamba baada ya maafa ya Hanang ilibidi Serikali iwajengee waathirika nyumba mpya katika eneo la Waret. Gharama ililipwa, ila ililipwa kwa kuchelewa, na waliofariki hawakuhamia katika nyumba hizo.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kiongozi atakayetia saini ramani ya viwanja kesho na ajiulize kwanza kama yu tayari kulaza watoto wake mwenyewe juu ya ardhi ile, usiku wa mvua kubwa.