Utangulizi: Landrova, Pijo na Udongo wa Kongwa

Mgeni katika historia ya magari ya kale hukutana kwanza na swali la wakusanyaji wa Ulaya: je, gari hili bado lina vitu vyake vya kiwandani? Hapa Kongwa, mkoani Dodoma, swali hilo halitufikishi mbali. Gari lililodumu miaka hamsini kati ya Mbande na Mpwapwa lazima limebadilishwa springi, difu, pengine hata injini. Mkusanyaji wa Ulaya huyaita hayo kasoro. Mimi huyasoma kama kumbukumbu. Basi karibu, tuulize jingine: gari hili liliundwaje hata likakubali kukarabatiwa hivyo?

Land Rover, ambayo huku wote huiita Landrova, ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeisha karibuni, chuma kikipatikana Uingereza kwa mgao, ndipo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaivika bodi ya alumini. Wakati huohuo Kongwa ilikuwa imejaa matrekta ya Mradi wa Karanga, mpango mkubwa wa Waingereza wa kilimo cha karanga, mengi yakiwa masalia ya jeshi. Mradi ulianza 1947, ukafutwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kiangazi udongo wetu ulikauka kama saruji, ukasaga vyuma vya kulimia. Anayetaka kulinganisha mashine mbili aanzie hapo, kwenye ardhi, kabla ya kufungua vitabu vya kiwanda.

Peugeot 404, yaani Pijo, ilitoka 1960 ikiwa na umbo la Pininfarina wa Italia. Injini yake ya lita 1.6, sawa na ya Landrova ya kwanza, imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na gia iko kwenye usukani. Landrova hukaa juu ya chasi nzito, bodi ikifungwa kwa bolti: bati likibonyea, unalifungua na kulinyoosha. Pijo ya saluni haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo sakafu ikiliwa na kutu hakuna njia ila kuchomelea. Lakini springi zake za kuzunguka huyameza makunyanzi ya barabara. Za Landrova, vyuma bapa vilivyopangwa, humrudishia abiria kila tuta. (Aliyewahi kukaa benchi la nyuma hahitaji ushahidi wangu.)

Ushahidi wa Pijo uko kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakamaliza, na mshindi alikuwa 404. Ilishinda tena 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za kwanza kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Kwa hiyo wanaosema gari dogo la Kifaransa halikuwa la porini wanazungumzia sura yake.

Kwa mnunuzi, ukame wa Dodoma ni rafiki: mvua za Desemba hadi Aprili huacha miezi mingi ya vumbi, na kutu huchelewa kuliko Tanga. Hata hivyo alumini hudanganya. Bodi ya Landrova yaweza kupendeza huku chasi ikioza kwa ndani, na alumini yenyewe huliwa inapogusana na chuma. Lala chini, igonge chasi kwa nyundo ndogo. Kwenye Pijo, inua mazulia kwanza. Kisha mwulize fundi kila kiraka kilichomelewa lini, na kwa nini.