Elimu ya Kinywa (4): Zebaki ya Jino na Zebaki ya Dhahabu

Leo tunaingia kwenye dawa za kuzibia meno, na nimeichagua Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika eneo la Mwenga, Kivu Kusini nchini Kongo, iwe darasa letu. Zebaki iliyomo ndani ya jino lililozibwa kwa amalgamu ndiyo ileile ambayo wachimbaji wadogo wa huko, wanaoiita mercure, huimimina ndani ya beseni kusaka dhahabu.

Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, na kazi yake kubwa ni kunasa metali nyingine. Daktari wa meno huichanganya na unga wa fedha, bati na shaba, huushindilia mchanganyiko huo kwenye tundu la jino, nao huganda ukawa mgumu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mgodini, mawe yakishatwangwa na mchanga kuoshwa, zebaki huokota chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni. Mchimbaji huikamua kwa kitambaa hadi abaki na kidonge cha kijivu, ambacho nacho ni karibu nusu zebaki.

Mpaka hapo kazi hizi mbili zinafanana, lakini mwisho wake ni tofauti kabisa. Zebaki ya jino hufungwa ndani ya metali ngumu na kutoa mvuke kidogo mno mtu anapotafuna. Kidonge cha dhahabu hutiwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 huingia katika damu kupitia mapafu, ilhali zebaki hiyohiyo ikimezwa ikiwa majimaji, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Kwa hiyo anayeliogopa jino lake lililozibwa huku akichoma dhahabu jikoni, watoto wakiota moto pembeni, anaogopa kisichostahili na kukumbatia kinachoua.

Kinywa ni miongoni mwa sehemu zinazotoa habari mapema kwamba sumu ya zebaki imeingia mwilini. Fizi huvimba na kutoka damu, mate hujaa, ladha ya chuma haiondoki ulimini, vidonda hutokea, na sumu ikizidi meno hulegea. Lakini fizi hutoka damu kwa sababu nyingi, na ukoga ndio unaoongoza, hivyo kinywa peke yake hakitoshi. Mpe mgonjwa kalamu aandike jina lake, kisha mwambie anyooshe mikono. Mwandiko ukiyumba, vidole vikitetemeka, na nyumbani wakasema siku hizi halali na amekuwa mtu wa hasira, usikimbilie kung'oa jino. Kipimo cha zebaki ni mkojo. Tena Kamituga vidonda vya mdomoni vina mshukiwa mwingine: aina mpya ya virusi vya mpox iligunduliwa huko katika mlipuko ulioanza mwaka 2023. Vidonda vikija na homa, mitoki na vipele mwilini, mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kusema kwamba jino lililozibwa si la kuogopwa hakumaanishi kwamba amalgamu haina kasoro. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Mbadala upo, na sehemu ya historia yake ni ya kanda yetu: katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba jino bila mashine wala umeme. Dawa inayofaa kwa njia hiyo ni saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi. Kwenye magego hailingani na amalgamu kwa uimara, lakini Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa zahanati zisizo na umeme, mimi ningeanza na hiyo.

Enyi wauguzi na madaktari wa meno wa Mwenga na Bukavu, kabla ya kuandika dawa ya fizi, muulizeni mgonjwa anafanya kazi gani na dhahabu inachomewa wapi. Nanyi mnaochoma, tumieni chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha mvuke uwe majimaji tena, mbali na nyumba. Mama mwenye mimba asikae karibu na moto huo hata kidogo.